Mama ana kisukari, anatumia uwatu na vitamini, chakula chake tukipange vipi?

BintiWete
Asalam aleikum jamani. Mama yangu ana kisukari aina ya pili, anameza dawa za kushusha sukari, metfomini na glibenklamidi, juzijuzi kaanzishiwa vidonge vya vitamini B12 kwa ajili ya ganzi ya miguu na kila asubuhi anakunywa mbegu za uwatu alizoroweka usiku. Kaambiwa ale vyakula visivyopandisha sukari haraka, lakini karatasi alopewa imejaa oti na tofaa, sie huku Pemba asubuhi ni boflo (mkate) na chai, mchana wali, usiku muhogo. Nianzie wapi?

UmmuSalma
Waaleikum salaam mwanangu. Hiyo karatasi iweke kando. Kipimo chenyewe cha jinsi chakula kinavyopandisha sukari ya damu, glukosi ndio 100, chakula cha 55 kushuka chini ndio kinapandisha taratibu, na kunde, choroko, dengu zote zimo humo na sokoni zipo tele. Boflo nyeupe inapita 70 kwa hivo anzia hapo hapo. Asubuhi mpe choroko za kuchemsha na kipande cha samaki wa jana, chai ya tangawizi bila sukari. Wali usimnyime kabisa maana atakuja kula kwa kujificha, ila sahani igeuke, nusu iwe mchicha, bamia au bilingani, robo samaki, robo ilobaki ndio wali, na aanze na mboga na samaki wali aumalizie. Na muhogo tusijidanganye, ule ni wanga kama wali, shelisheli pia, kwa hivo usiku kipande kidogo na mboga nyingi.

Mfamasia_Unguja
Hapo kwenye uwatu dada angu nisikilize sana. Uwatu unashusha sukari, glibenklamidi nayo inashusha, sasa na wanga ukiupunguza kwa pamoja mama anaweza kuporomoka. Akianza kutoka jasho, kutetemeka au kuropoka mpime, ikiwa chini ya 4 (kwa mmol/L) mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji akiwa na fahamu zake, usingoje. Kabla ya kubadili chakula rudini kliniki muwatajie kila anachokunywa hata huo uwatu, huenda dozi ikapunguzwa. Na asimeze vidonge pamoja nao, ule utelezi wake unachelewesha dawa. B12 ni sawa kabisa, metfomini ya muda mrefu huwa inaipunguza mwilini.

BintiWete
Allah awalipe kheri. Uwatu hatukuutaja kliniki hata siku moja, wiki hii nampeleka. Mashine ya kupimia tunayo. Na embe je, na tende?

UmmuSalma
Embe vipande viwili vitatu baada ya chakula, juisi hapana, hata ile isotiwa sukari. Tende moja. Halafu mpime zikipita saa mbili tangu aanze kula, wengi wanatakiwa wasipite 10 (mmol/L), ikipita ujue kile chakula kwake ni kingi, andika kwenye daftari mwende nalo kliniki.