Mwanga wa lusiferesi umeshuka, jeni imezima kweli?

Otoyo_Kisumu: Wasee wa biolojia mko? Niko na seli za binadamu, nimeunganisha promota (swichi ya kuwasha jeni) ya jeni moja ya uvimbe, ile inflammation, na lusiferesi ya kimulimuli, enzaimu inayotoa mwanga, nataka kuona vile jeni inawaka na kuzima usiku kucha bila kupasua seli. Sasa nikiweka maji ya mwarobaini mwanga unashuka vibaya sana, supavaiza amefurahi lakini mimi roho haitulii. Mwenzangu naye ananiambia nihamie GFP, ile protini ya kijani, mnasemaje?

mwalimu_njoro: Kaa hapo hapo ndugu. GFP lazima uimulike ndio ing'ae, na klorofili ya hayo majani pia ukiimulika inang'aa, utachanganyikiwa bure. Tena GFP inakaa ndani ya seli zaidi ya siku nzima, jeni ilizima kitambo na wewe bado unaona kijani. Lusiferesi nusu yake inaisha kwa kama masaa 3 hivi. Lakini kumbuka huo mwanga unataka lusiferini (chakula cha hiyo enzaimu), oksijeni, magnesi na ATP, yaani nishati, ya seli yenyewe, kwa hivyo seli zikianza kufa taa inafifia na jeni haijafanya kitu.

Mama_Pipeti: Ongezea hapo mwalimu, dawa inaweza kukaba enzaimu yenyewe!! Resveratrol ya zabibu inajulikana sana kwa huo mchezo. Otoyo, chukua seli zingine zenye lusiferesi ile ile lakini promota ya kuwaka saa zote, weka dawa kiasi kile kile, zikififia pia basi usiende kwa supavaiza na hiyo grafu. Na usitumie promota ya CMV, ile ya kirusi, hiyo ina sehemu za kushikwa na NF-kB, protini inayowasha jeni za uvimbe, kwa hivyo dawa ya uvimbe itaigusa pia, tafuta promota ya PGK.

Otoyo_Kisumu: Asante sana mama. Si ningeweka tu Renilla, ile lusiferesi nyingine ya baharini, kama kontroli?

Mama_Pipeti: Renilla ni enzaimu tofauti kabisa, inakula koelenterazini, si lusiferini ya kimulimuli, na haina haja na ATP. Inaweza kubaki sawa huku ya kimulimuli imekabwa, alafu ufikirie jeni ndio imeshuka. Iweke ukitaka, lakini hapa haitoshi.

Otoyo_Kisumu: PGK tuko nayo kwa friza. Pleti ya kupimia mwanga je, nyeupe ama nyeusi?

mwalimu_njoro: Nyeupe, inarudisha mwanga kwa mashine. Iache gizani dakika chache kwanza, hiyo plastiki hubaki na mwanga wa chumba.