Naomba ushauri: The Grapes of Wrath kwenye banda umiza, niionyesheje?

Fundi Projekta:
Wakuu, salaam. Nina banda umiza na kinachonilisha ni mpira. Siku zisizo na mechi naweka picha. Wateja wangu wengi ni vibarua wa mashambani, msimu huu wako kwenye mpunga, ujao utawakuta kwenye miwa. Nimepata The Grapes of Wrath ya John Ford, ya 1940, yule Henry Fonda akiwa Tom Joad. Familia inafukuzwa shambani Oklahoma, inapakia kila kitu kwenye lori bovu na kushika njia ya California kutafuta kazi ya kuchuma matunda. Naona inawahusu watu wangu kuliko za ngumi.

Tatizo haina rangi, ina dakika 129, na kile Kiingereza cha wakulima wa Oklahoma hata mimi kinanipiga chenga. Niweke DJ wa kutafsiri kama enzi za Lufufu? Au niweke Of Mice and Men, kama anavyonishauri jamaa mmoja?

kibarua_mstaafu:
Mtu katoka kuinama kutwa nzima, usiku unamwonyesha watu wengine wameinama. Muwekee ngumi apumzike.

Mama Kashata:
@kibarua_mstaafu mbona taarabu za mapenzi wanazisikiliza hao hao walioachwa? Mwacheni ajaribu.
Ila mkuu, DJ hapana. Babu anafia njiani, wanamzika kando ya barabara, Tom anaandika kikaratasi cha kueleza ni nani na kafa kwa nini, wasije wakadhaniwa wameua. Hapo DJ atatia vichekesho, namjua. Eleza mwenyewe kwa maneno machache kabla ya kila sehemu, halafu unyamaze. Jane Darwell, aliyecheza kama mama, alipata Oscar kwa kazi hiyo. Uso wake hauhitaji mkalimani.

Sinema_Kongwe:
Of Mice and Men nayo inatokana na kitabu cha John Steinbeck, mwandishi yule yule wa The Grapes of Wrath. Ziko mbili unazoweza kuzipata. Ya 1939 ya Lewis Milestone ina Burgess Meredith na Lon Chaney Jr., haina rangi. Ya 1992 Gary Sinise kaongoza na kucheza mwenyewe, na John Malkovich, hiyo ina rangi. Wanaume wawili wanahama shamba hadi shamba huku wakiota kiplot chao cha kufugia sungura. Ni rahisi kufuata kwa kuwa unawashika watu wawili tu, siyo ukoo mzima. Lakini mwisho wake ni mzito mno, usitegemee kuuza soda baada ya hapo.

Mjukuu wa Manamba:
Mimi ni wa Korogwe, babu alikuja huku kama manamba wa mkonge. Weka hiyo ya akina Joad. Kuna jamaa kwenye kambi ya njiani anawaeleza hesabu ya vile vikaratasi vya ajira: tajiri anataka watu 800, anachapa vikaratasi 5,000, vinasomwa na labda watu 20,000, wanafunga safari elfu mbili tatu. Wakishajaa getini wakiwa na njaa, bei anapanga yeye. Baadaye unaiona kwenye mapichi: familia inalipwa senti 5 kwa boksi kwa sababu wenzao wamegoma, waliotakiwa kuchuma kwa senti 2 na nusu. Simamisha picha hapo uwaulize wateja wako. Mjadala utakaowaka utakushinda kuuzima.

Mwl. Shija:
Nyongeza kidogo, maana kuna mtu atakuja kubisha kuwa kasoma kitabu. Mpangilio wa picha siyo wa kitabu. Kitabuni kambi safi ya serikali, ya vibarua wahamaji, inakuja katikati, kisha mambo yanaharibika hadi mafuriko. Kwenye picha shamba la mapichi limetangulia, kambi ikawekwa mwishoni, kwa hiyo watu wanaondoka na matumaini. Mimi naona hapo Hollywood ililegeza. Kambi yenyewe ilikuwepo kweli, Arvin, wilaya ya Kern. Msimamizi wake Tom Collins ndiye aliyemsaidia Steinbeck, na akawa mshauri wa picha pia. Wilaya hiyo hiyo ilikipiga marufuku kitabu 1939.

Fundi Projekta:
Asanteni sana. DJ nimemfuta. Naweka ya 1940, nitaikata mara mbili: jioni ya kwanza hadi wavuke kuingia California na bibi aliyekufa garini, inayofuata kambi na mapichi. Nauliza tu, ile ya mwanzo ambapo Muley, jirani yao mkulima, anataka kumpiga mtu risasi kwa kunyang'anywa shamba, akaambiwa siyo huyu, ni kampuni, siyo kampuni, ni benki, wataielewa bila maelezo?

Mjukuu wa Manamba:
Hiyo usieleze kitu. Kaa kimya usikie watakavyopiga kelele.

kibarua_mstaafu:
Kiingilio bei gani? Nataka kujua tu.