Kisiwa kisicho na wakazi kwa Kidato cha Tatu: Kerguelen, Heard, Bouvet au Tromelin?

mwl_buigiri
Habari za jioni wakuu. Nafundisha jiografia sekondari moja huku Chamwino. Wiki ijayo nina vipindi viwili na nataka mfano mmoja tu wa kisiwa cha mbali chenye bendera ya nchi kubwa lakini hakina wakazi wa kudumu. Wanafunzi wangu wengi bahari hawajaiona. Maji mengi waliyowahi kuyaona ni Bwawa la Hombolo. Jana nilipogusia tu, binti mmoja akauliza: "Mwalimu, kama hakuna anayeishi huko, wanakitakia nini?" Mfano nitakaouchukua lazima umjibu huyo.

Nimebaki na vinne. Kerguelen ya Ufaransa, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, zaidi ya kilomita za mraba 7,000. Kina kituo kiitwacho Port-aux-Français, watu kama 45 majira ya baridi na 120 hivi kiangazi, wote wa kupokezana. Uwanja wa ndege hakuna, unasubiri meli kutoka Réunion. Heard ya Australia, volkano iliyovaa barafu. Bouvet ya Norway, kilomita za mraba 49, zaidi ya asilimia 90 barafu. Na Tromelin, nayo ya Ufaransa, mashariki mwa Madagaska: mchanga na matumbawe, kilomita moja ya mraba hivi, Mauritius inakidai.

Roho yangu ipo Kerguelen. Nyie mnasemaje?

kibakwe_jr
Kerguelen mkuu, usigeuke nyuma. Kapteni Cook alipofika 1776 alikiita kisiwa cha ukiwa, lakini una cha kufundisha pale kuliko kwingine kote. Kuna kabichi ya porini ya huko ambayo mabaharia waliila kujikinga na kiseyeye. Mwaka 1874 wageni wakaleta sungura, sungura wakaifyeka. Kipindi cha viumbe vamizi hicho, kimejileta chenyewe. Na swali la binti lina jibu: Ufaransa inauza leseni za kuvua samaki wa kina kirefu kwenye bahari ile. Hela ipo majini.

mzee_wa_kongwa
Mimi Heard. Mwaka 1947, wakati Waingereza wanahangaika na karanga zao hapa kwetu Kongwa, ndipo walipowakabidhi Australia kisiwa hicho. Karanga zikawashinda, barafu wakaigawa. Kilele cha Mawson kule kina mita 2,745, kinaupita mlima mrefu kuliko yote ya Australia bara, Kosciuszko, wenye mita 2,228. Na wanafunzi watakipenda kwa jambo moja: Aprili 2025 Marekani ilipotangaza orodha yake ya ushuru, Heard na visiwa jirani vya McDonald vilikuwemo, asilimia 10. Pengwini wanalipishwa ushuru! Dunia nzima ilicheka.

mama_zabibu
Bouvet toa, mwalimu. Cha kusisimua pale ni ile boti iliyokutwa 1964 haina mtu, na hiyo ni hadithi ya usiku, siyo ya ubaoni. Lakini mbona hujaweka Diego Garcia? Ipo bahari yetu hii hii na kila mtu ameisikia kwenye taarifa ya habari. Halafu mnaenda mbali mno, hata sisi tunacho chetu, Fungu Kizimkazi kule kusini mashariki mwa Unguja. Ndege wa baharini wanataga, mtu haishi.

wa_mpwapwa
Dada, Fungu Kizimkazi sawa, mwalimu akitaje. Diego Garcia hapana, na naomba nisieleweke vibaya. Pale watu walikuwepo, vizazi na vizazi, na makaburi yao yapo. Uingereza ilivikata visiwa vya Chagos, ambamo Diego Garcia imo, kutoka Mauritius mwaka 1965, kisha kati ya 1968 na 1973 ikawaondoa wakazi wote ili Wamarekani wapate kambi. Wakashushwa Mauritius na Shelisheli. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake 2019 kwamba Uingereza iondoke, na Mei 2025 ikatiwa saini hati ya kuvirudisha Mauritius huku kambi ikibaki kwa mkataba wa miaka 99. Ukiwaambia watoto "hakina wakazi wa kudumu" ukaishia hapo, umewadanganya.

Kura yangu Tromelin. Mwaka 1761 meli ya Kifaransa, L'Utile, iligonga mwamba pale usiku. Chini kwenye ngama walikuwemo Wamalagasi walionunuliwa kinyemela kwenda kuuzwa Mauritius, iliyoitwa Isle de France wakati huo. Wengi walizama humo humo. Mabaharia wakaunda chombo kutokana na mabaki, wakaondoka, wakaahidi kurudi. Hawakurudi. Wale watu wakabaki kwenye mchanga ule miaka 15. Walikula kasa na ndege, wakasuka nguo za manyoya, wakajenga kwa mawe ya matumbawe ingawa kwao jiwe lilikuwa la kaburi, siyo la nyumba. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta masufuria ya shaba yaliyozibwa viraka juu ya viraka. Mwaka 1776 meli ya nahodha Tromelin ikawachukua waliosalia: wanawake 7 na mtoto wa miezi 8.

Sisi wa Mpwapwa misafara ya watumwa ilipita mlangoni kwetu. Hadithi hii haihitaji kutafsiriwa.

baharia_mstaafu
Nilikula chumvi miaka, sasa nafuga Ihumwa. Hadithi ya bwana hapo juu inaliza, ila haimjibu binti. Jibu ni maili 200 za baharini, yaani kilomita 370. Sheria ya bahari ya 1982 inampa mwenye kisiwa samaki na vilivyo chini ya maji mpaka umbali huo.

Mwalimu, fanya hivi. Chukua punje moja ya karanga, iweke katikati ya uwanja. Hiyo ndiyo Tromelin. Sentimita moja iwe kilomita moja. Funga kamba ya mita 3.7 kwenye msumari, zungusha duara. Kisha waambie punje ile ni Nyerere Square, Dodoma mjini: Arusha imo ndani ya duara, Iringa imo, Tabora imo, Kibaha imo, Dar ndiyo inabaki nje kidogo. Duara zima ni kilomita za mraba 430,000 hivi, karibu nusu ya Tanzania. Kwa Tromelin majirani wanalimega, lakini kinachobaki bado ni kikubwa. Hakuna mtoto atakayeuliza tena wanakitakia nini.

kibakwe_jr
Hapo nakubali nusu. Ibara ya 121 ya sheria hiyo inasema mwamba usioweza kumweka mtu wala kuwa na uchumi wake haupati huo ukanda. Tromelin ni kisiwa au mwamba?

baharia_mstaafu
Ndiyo ugomvi wenyewe. Wanawake 7 wameishi pale miaka 15, wewe unaita mwamba? Halafu Ufaransa ina kituo cha hali ya hewa tangu 1954. Mwaka 2010 Ufaransa na Mauritius walisaini makubaliano ya kukisimamia pamoja, bunge la Ufaransa halikuyapitisha.

mwl_buigiri
Wakuu, nimerudi. Nilikwenda na Tromelin, na pengwini wa mzee nikawatumia kufungulia kipindi. Walicheka kweli.

Kamba ilizungushwa uwanjani, vumbi la Chamwino mnalijua, duara likafutika mara mbili. Waliposikia Kibaha imo ndani ya duara la punje ya karanga, kijana wa nyuma akasema, "Basi hata mimi nataka kisiwa." Yule binti hakucheka. Akauliza wale wanawake walipelekwa wapi. Nikamwambia walifikishwa Isle de France, wakatangazwa kuwa huru, na walipoulizwa kama wanataka kurudi Madagaska wakakataa. Akauliza kwa nini. Nikasema tufikirie wote, kila mtu aandike ukurasa mmoja.

Kipindi cha pili ni Alhamisi. Baharia, kamba nyingine unayo? Ile ya kwanza mbuzi wa jirani wameitafuna.