Tupeane uzoefu: siku mwanga wa kioo cha laptopu ulipokugomea ukiwa Linux

bundi_wa_usiku
Wakuu heshima zenu. Jana usiku nimefanya apdeti ya Linux (mfumo endeshi ninaotumia badala ya Windows) kama siku zote, nikaristati, mashine ikawaka vizuri tu ila mwanga wa kioo umeganda juu kabisa. Nabonyeza kitufe cha kupunguza, kile kimstari kinachotokea kinashuka mpaka mwisho, kioo chenyewe kimekaza vilevile kama jua la saa saba mchana. Macho yananiuma mpaka muda huu naandika. Nimekumbuka laptopu yangu ya kwanza ilinifanyia kinyume chake, ilikuwa giza tupu. Najua humu tupo wengi tuliopitia haya, mwenye kisa chake atiririke na mwenye dawa asiwe mchoyo.

kibodi_moja
Hii kitu ilinitesa miezi miwili. Nipo hapa nasubiri dawa na mimi.

Mzee_Teminali
Bundi, fungua teminali (lile dirisha la kuandikia amri) andika ls /sys/class/backlight halafu tuambie unaona nini. Ukikuta majina mawili, mfano acpi_video0 na intel_backlight, basi ugonjwa wako naujua. Hayo ni milango miwili ya taa moja, kimstari chako kinabisha hodi kwenye ule ambao ndani hamna mtu. Ingia kila folda usome faili la max_brightness, moja unaweza kukuta ina hatua 15 tu na nyingine ina maelfu. Mimi nilimaliza wiki nzima nabadilisha draiva za grafiki (programu zinazoendesha picha kwenye kioo), kumbe draiva hazikuwa na kosa lolote. Fungua /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB (programu inayoiwasha Linux), kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ongeza acpi_backlight=vendor, halafu sudo update-grub, ristati.

nyaya
Mzee shikamoo, ila hapo kwenye vendor utampoteza kijana. Vendor inaita draiva ya mtengenezaji wa laptopu, na mashine nyingi za sasa hazina kabisa hiyo draiva. Aweke native ili taa ishikwe na draiva ya grafiki moja kwa moja.

Mzee_Teminali
Marahaba. Mimi vendor imenitoa kwenye mashine tatu tofauti, sisemi kwa kusoma.

nyaya
Sikatai Mzee, ila hizo zilikuwa mashine za zamani. Kuanzia kerneli (kiini cha Linux) toleo la 6.1 walipanga upya namna ya kuchagua nani ashike taa, ndiyo maana ushauri uliokuwa unaponya watu zamani leo unaweza kuwaacha gizani.

hamisha_faili
Afomati arudi Windows, habari iishe.

kibodi_moja
Mkuu huu uzi ni wa kupeana uzoefu siyo kufukuzana. Mtu ana kazi zake zote kwenye hiyo mashine unamwambia afomati kwa ajili ya taa?

mama_wa_mapacha
Jamani ngojeni niseme ya kwangu maana mmenirudisha usiku ambao sitausahau. Nilikuwa namalizia ripoti, inatakiwa saa mbili asubuhi, na hapo ni kwenye saa nane za usiku, watoto wamelala pembeni yangu na mmoja alikuwa ana homa ndo kwanza amepata usingizi. Mwanga ukawa unampiga usoni nikaona nipunguze. Vitufe vya mwanga kwenye kibodi yangu havijawahi kufanya kazi tangu niweke Linux, kwa hiyo huwa navuta kile kimstari cha kule juu kulia kwa mausi. Nikavuta, bado mwanga upo, nikavuta tena mpaka mwisho, pap, kioo cheusi tii. Feni inazunguka naisikia, nikibonyeza Caps Lock kataa kake kanawaka na kuzima, yaani mashine iko hai kabisa ila haioni mtu. Nikafanya kosa, nikashikilia kitufe cha kuzimia mpaka ikazima, na nilikuwa sijasevu muda mrefu. Kuwasha, nembo naiona, moyo ukatulia, ile kufika ndani tu giza likarudi. Nimewasha mara nne, mara zote nne hivyohivyo. Nikampigia kaka yangu saa tisa usiku, hakuuliza mengi, akaniambia chukua tochi ya simu, imulike kioo kwa pembeni, usimulike usoni. Nikamulika. Wapendwa, nikaona saa! Kwa mbali kabisa, kama maandishi yaliyoandikwa kwa penseli kwenye karatasi nyeusi, naiona saa na chini yake picha ya ukutani. Nililia nikiwa nimeshika mkono mdomoni ili nisiwaamshe. Basi simu mkono wa kushoto, mausi kulia, nikawa natembeza mwanga wa tochi kidogokidogo namfuata mshale mpaka kule juu, nikafungua, nikakuta kimstari kiko sifuri, nikakivuta. Kioo kikawaka chote mara moja. LibreOffice, programu niliyokuwa naandikia, nayo ikaniuliza kama nataka kurudishiwa faili, ikarudisha karibu yote, nilipoteza kama aya mbili. Saa moja na nusu nikaituma.

kibodi_moja
Dada pole sana. Hapo kwenye saa kuonekana kwa tochi mwili umenisisimka. Mtoto aliamkaje?

mama_wa_mapacha
Homa ilishuka alfajiri, asante kaka.

Mzee_Teminali
Binti, kilichokufanya uwashe mara nne ni systemd-backlight. Mashine ikizima inaandika kiwango cha mwanga kwenye /var/lib/systemd/backlight, ikiwaka inakirudisha kilekile. Uliacha giza, ikakurudishia giza.

nyaya
Mzee hapo tena siwezi kukaa kimya. Kwa kawaida hicho hakirudishi chini ya asilimia 5, kimewekewa kizuizi makusudi. Kwa alivyoeleza, nembo inaonekana halafu giza linaingia akifika ndani, ni desktopu (yale mazingira ya madirisha na menyu) ndiyo inakumbuka kiwango chake yenyewe.

Mzee_Teminali
Asilimia 5 kwa vioo vingine ni giza tu, kijana.

fundi_bawaba
Naomba niongezee kuhusu tochi maana nafungua laptopu kila siku. Ukimulika ukaona picha, kioo hakijaharibika, taa ya nyuma ndiyo haiwaki, na hiyo inaweza kuwa ya programu au ya nyaya. Jaribu kuinamisha kioo mbele na nyuma taratibu, kikiwaka na kuzima kwenye pembe fulani, ni kebo inayopita kwenye bawaba imechoka, hapo usihangaike na GRUB. Zile za zamani zenye taa ya mirija, ukiona kioo kinaanza na rangi ya pinki halafu kinazima, mrija ndiyo unaaga. Na kuna mteja aliniletea mashine inazima kioo ovyo, kwangu haizimi siku tatu. Siku anakuja kuichukua akaanza kuandika mbele yangu, ikazima. Saa yake ya mkononi ilikuwa na mkanda wa sumaku, kila akilaza mkono wa kushoto pale chini ya kibodi, sensa ya mfuniko inadhani kafunga laptopu. Nilimwomba avue saa, tukakaa tunaandika zamu kwa zamu nusu saa haikuzima hata mara moja.

macho_mekundu
Mimi nikishusha mwanga chini ya nusu kichwa kinagonga. Nilikuja kuelewa kwamba taa za vioo vingine hazipungui kweli, zinawaka na kuzima haraka sana ili uone kama zimepungua. Nilielekeza kamera ya simu kwenye kioo nikaona mistari myeusi inapita. Sasa naacha taa juu, natumia amri ya xrandr --brightness 0.6. Nimepona.

nyaya
Hiyo inatia giza rangi tu, taa inawaka kama kawaida na betri haipumui. Na ukiwa Wayland (mfumo mpya zaidi wa kuonyesha madirisha kwenye Linux) haifanyi kazi.

macho_mekundu
Betri siyo inayoumwa kichwa, ndugu. Ni mimi.

kibodi_moja
Jamani mwenye uzi bado macho yanamuuma.

bundi_wa_usiku
Nimerudi wakuu. Folda zilikuwa mbili kweli kama Mzee alivyosema. Nimeanza na vendor, hakuna kilichobadilika. Nikaweka native, imebaki folda moja na mwanga unashuka kila nikibonyeza. Nawashukuru wote wawili. Ila nimegundua nikifunga mfuniko ikalala, ikiamka inarudi asilimia 100.

kibodi_moja
Hiyo ya kuamka na mia hata yangu. Mzee, nyaya, njooni.