Mjadala: Mkubwa asiyehudhuria kamati ya mradi, jina lake liondolewe?

MpangaRatiba (mleta mada)
Wadau, habari za kazi. Nasimamia mradi wa kubadilisha mfumo wa malipo wa ofisi nzima. Tumekaa vikao saba vya kamati ya usimamizi. Mdhamini wa mradi, wa pili kwa cheo pale ofisini, kaja viwili. Vingine anatuma msaidizi, na safari hii msaidizi naye katuma kijana aliyeanza kazi juzi. Kaja na daftari, kaandika kila kitu hadi salamu. Ikifika hoja ya kuamua, jibu ni "nitamfikishia mzee". Nauliza: mkubwa akikosa vikao vitatu mfululizo, kwa nini jina lake lisiondolewe kama la mjumbe mwingine yeyote?

JiweLaPembeni
Hadidu za rejea zenu zinasemaje kuhusu akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kikao kufanyika? Kwetu tuliandika wazi: mwakilishi anakaa, anasikiliza, hapigi kura wala hahesabiwi kwenye akidi. Kikao cha kwanza kikavunjika. Cha pili kikavunjika. Cha tatu wazee wote wanne walikuwa wameshakaa hata projekta sijaiwasha.

Bi_Mizani
Kumwondoa mdhamini ni kukata tawi ulilokalia. Mradi ukiishiwa pesa utamwendea nani?

Mimi nakaa upande wa pili wa meza. Nimewahi kuwa mdhamini wa miradi 11 kwa wakati mmoja, na kutokwenda vikaoni hakukuwa dharau. Naletewa slaidi 46, ya kwanza historia ya mradi, ya mwisho "asanteni kwa kunisikiliza". Ninachotakiwa kuamua sikioni. Mradi mmoja tu sikuwahi kuukosa. Meneja wake alikuwa anatuma ukurasa mmoja siku tatu kabla, na juu kabisa kaandika: "Tunaomba uamue: tuchelewe wiki sita, au tuanze bila sehemu ya likizo. Sisi tunashauri la pili." Naingia, dakika ishirini, natoka. Wengine wengi ni makarani tu wenye vyeo, kazi yao kukusanya ripoti na kuzipamba.

MpangaRatiba
> makarani tu wenye vyeo

Dada, hapo umenikosea. Karani hapigiwi simu saa tano usiku kwamba data za wafanyakazi zimehamia nusu. Karani hakai katikati ya mhasibu mkuu na mkuu wa utumishi wanaogombania nani ataidhinisha mishahara. Nalifanya hilo kila wiki, tena bila mamlaka yoyote, kwa sababu mwenye mamlaka ametuma kijana na daftari.

MwanaWaMasijala
Kwani ukarani una ubaya gani? Mama yangu alikuwa karani wa masijala miaka 30, hakuna jalada lililopotea mikononi mwake. Nyie wenye vyeti vya usimamizi wa miradi kumbukumbu za kikao zinatoka baada ya mwezi, na zikitoka hakuna aliyepewa kazi kwa jina.

MpangaRatiba
Mkuu, mama yako heshima zake. Simsemi yeye.

MwanaWaMasijala
Umesema "karani ha…" mara mbili. Mimi nimehesabu.

TaaYaNjano
Mimi limenigusa hilo la kupamba. Tunapamba kwa sababu tunapambishwa! Kwetu ripoti ina rangi kama taa za barabarani: kijani salama, njano tahadhari, nyekundu hatari. Niliwahi kuandika ripoti ya mradi rangi ya njano: mkandarasi kachelewa, majaribio hayajaanza, tarehe ya kuzindua iko palepale. Ikapanda kwa mkuu wa idara, ikashuka ikiwa kijani. Maneno yote yapo, rangi tu imebadilika. Nikamfuata. Akasema, "Usimshtue mzee, tutalimaliza ndani." Miezi miwili baadaye ikaruka kutoka kijani hadi nyekundu, na mzee akauliza mbele ya wote kwa nini sikumwambia mapema. Mkuu wa idara alikuwa anaangalia simu yake.

Kwa hiyo dada Mizani, mkubwa akikaa mbali, kila ngazi inaongeza rangi yake.

Bi_Mizani
Hilo nakubali. Lakini ungemtafuta mzee mwenyewe.

TaaYaNjano
Nikaruke ngazi mbili? Umesahau huku chini kulivyo.

Kanuni_Kwanza
Tumetoka nje ya mada. Kwa wanaofuata PRINCE2, ule utaratibu wa kusimamia miradi: bodi ya mradi ina pande tatu, biashara, watumiaji na wasambazaji, na mtendaji wa upande wa biashara ndiye mwenye neno la mwisho. Siyo bunge la kupiga kura. Tena hakuna sharti la kukutana kila mwezi. Meneja anapewa mipaka ya muda na gharama, akiwa ndani yake anaendelea, akiona ataivuka anawaita. Bodi inaamua mwisho wa kila hatua. Vikao saba ni vya nini?

JiweLaPembeni
Huyo naye kaja na cheti chake. Mipaka hiyo anaiweka nani kama mdhamini haji?

Kanuni_Kwanza
Angalau nimesoma kabla ya kuandika.

NjiaPanda
Kuhudhuria siyo dawa. Angalieni uwanja mpya wa ndege wa Berlin. Mwenyekiti wa bodi ya usimamizi alikuwa meya mwenyewe, Klaus Wowereit. Mtamtaka mkubwa gani tena? Mwaka 2012 uzinduzi ukaahirishwa zikiwa zimebaki chini ya wiki nne, mfumo wa kuzuia moto na kutoa moshi haujakaa sawa. Ukaja kufunguliwa 2018 kama sikosei.

TaaYaNjano
Oktoba 2020. Na huo mfano unanisaidia mimi. Mtu hawezi kuwa wiki nne kabla ya sherehe ndiyo anajua, kama njiani hakuna aliyekuwa anapaka kijani.

NjiaPanda
Au alikuwa anaona njano na hajui maana yake. Meya siyo mhandisi. Mimi ninachopenda ni cha Uingereza: kila mradi mkubwa wa serikali una mwenye dhamana kwa jina, na tangu 2014 akiitwa na kamati ya Bunge anajieleza mwenyewe kuhusu mradi wake. Huyo hatumi kijana na daftari.

MpangaRatiba
Ofisini kwetu hakuna Bunge mkuu, kuna lifti tu. Uidhinishaji wa mwisho nimeupata kwenye lifti, kati ya ghorofa ya sita na ya chini, kasaini kwa kuegemeza karatasi ukutani bila kusoma.

Bi_Mizani
Kumbe anasaini! Basi siyo mtoro, anakukimbia kikao. Mpelekee ukurasa mmoja.

MpangaRatiba
Nimejaribu usiku huu, ingawa lile neno bado sijalisamehe. "Tunaomba uamue…" Imefika kurasa mbili na nusu.

Bi_Mizani
Kata.

MwanaWaMasijala
Mpe karani aifupishe.

JiweLaPembeni
Na akidi je? Nimeuliza tangu asubuhi.