Kishikwambi badala ya chati za karatasi kwenye Cessna: kisheria ikoje?

Kipanga_Dom: Wakuu, habari zenu. Ndege ni Cessna 172 ya binafsi, usajili wa 5H (wa Tanzania), safari za mchana za VFR (kuruka kwa kuona nje), Dodoma–Iringa na Dodoma–Tabora. Chati zote (ramani za urubani) zimo kwenye kishikwambi. Nikikaguliwa sina karatasi hata moja, nina kosa? Na ikianza kubeba abiria wa kulipa?

Mruko27: Mkuu, hayo ni mambo mawili tofauti. Kwa ndege binafsi, shika Annex 6 (Kiambatisho cha 6) ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, Sehemu ya II. Inataka chati zinazofaa na ambazo hazijapitwa na wakati, za njia yako na za kila njia unayoweza kulazimika kuchepukia. Karatasi haijatajwa. Ila kishikwambi kina masharti: kisivuruge mitambo ya ndege, hatari zake zipimwe kabla, na kikizima, taarifa za kumaliza safari salama ziwe karibu na rubani. Vigezo vinawekwa na nchi ya usajili, kwa hiyo kwako ni TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Waandikie, jibu lao likae na nyaraka za ndege.

Abiria wa kulipa ni habari nyingine. Hapo inatakiwa AOC (cheti cha kuendesha ndege za biashara), na matumizi ya kishikwambi yanaidhinishwa kwa kampuni, yakiwa yameandikwa kwenye mwongozo wa uendeshaji. Rubani hajiamulii.

Na tafadhali, asije mtu na AC 91-78 ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kuhusu vishikwambi. Huo ni waraka wa Marekani wa 2007, haumwambii kitu mkaguzi wa Dodoma.

Dira_Kati: Sheria kando, vifaa ndivyo vinavyoangusha watu. iPad ya Wi-Fi tupu haina GPS ndani. Chukua yenye sehemu ya laini ya simu, au ongeza kipokezi cha nje. Apple wanataka itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Ukiiweka juu ya dashibodi na jua la Dodoma, itapita hapo ndege ingali ardhini, na inajizima bila kukuomba ruhusa. Ifunge penye kivuli na hewa, usiichaji ikiwa imeshapata moto.

Kava lenye sumaku linapotosha dira. Jaribu chini: sogeza kishikwambi taratibu huku ukiangalia dira, ikicheza tafuta mahali pengine. Ukikifunga kwenye usukani, vuta na sukuma mpaka mwisho, zungusha pande zote mbili, hakikisha hakigusi kitu.

Mruko27: Naongezea chati zenyewe. Mzunguko wa AIRAC (ratiba ya kimataifa ya kusasisha taarifa za anga) ni siku 28, basi tazama tarehe kabla ya kuruka. Kisha zima intaneti kabisa, fungua njia nzima na uivute karibu, pamoja na viwanja vya kuchepukia. Programu nyingine huhifadhi picha ya mbali tu, ukivuta karibu unaona miraba mitupu. Halafu kimo cha GPS si cha altimita (kipima kimo cha ndege). Ruka kwa altimita yenye QNH (shinikizo la hewa la usawa wa bahari) sahihi.

Kipanga_Dom: Asante wakuu. Simu yenye programu hiyohiyo inatosha kuwa akiba?

Dira_Kati: Inasaidia, ila akaunti ikiwa moja, malipo yakiisha vyote viwili vinaweza kufungwa pamoja. Na joto ni lilelile. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, ikae karibu nawe, siyo nyuma kwenye mizigo. Bado ningechapa karatasi moja: mielekeo, umbali, dakika za kila kipande, vimo salama na masafa ya redio. Ibane kwenye ubao wa gotini.