Papa potwe wa Mafia: ramani ya walipo ikae kwa nani?

Mleta mada:
Wadau, suala hili linaniuma. Kilindoni, kisiwani Mafia, ilizoeleka kwamba papa potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa (whale shark), huja na kaskazi, wakionekana zaidi Oktoba hadi Februari, kisha hutokomea. Watafiti wakawachomekea vifaa vinavyotoa mlio wenye namba ya kila papa, wakashusha vinasa-mlio majini. Papa akipita karibu, kinasa kinaandika namba na saa. Wakalinganisha miaka miwili ya milio na miaka ileile ya kutazama kwa macho, na mwaka 2015 wakachapisha majibu: wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka, papa wako palepale! Wamesogea mbali kidogo na pwani na kuzama zaidi, pengine wakifuata chakula.

Sasa taarifa hizi zibaki kwa watafiti na serikali, au wavuvi wapewe? Mimi nasema wapewe, kwa Kiswahili, mwezi kwa mwezi. Papa potwe huwa palipo na dagaa, na hunaswa nyavuni. Nahodha anayeamini kwamba mwezi Juni hakuna papa, atamkwepaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, napinga. Umemfikiria mvuvi, ukasahau boti za watalii wanaokuja kuwatazama papa. Kusi ndiyo nafasi pekee ya papa kupumua. Ramani ikitoka, watakimbizwa mwaka mzima. Na kwa nini kuwatoboa ngozi? Kila papa ana mpangilio wake wa madoa, kama sisi na alama za vidole. Picha zinatosha.

Mleta mada:
Ndugu yangu, picha humpata aliye juu. Tungebaki na picha peke yake, mpaka leo tungesema kusi hawapo.

La boti umenigusa, sikatai. Ila tusichanganye vinasa. Australia Magharibi kuna vilivyounganishwa na setilaiti: papa mweupe mwenye kifaa akikaribia ufukwe wa kuogelea, taarifa inatoka papo hapo. Cha Mafia mzamiaji hukifuata chini, akakipandisha, ndipo kisomwe. Taarifa inafika ikiwa na umri wa miezi, kwa hiyo papa wa leo hakimbizwi nayo. Mvuvi apewe mwezi na kina. Sehemu kamili zifichwe, hapo nakubaliana nawe.

Tena Ghuba ya Kilindoni iko nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Anayekesha na papa hao usiku ni mvuvi wa dagaa. Tukimficha yeye, tunamtegemea nani?

Mchangiaji wa pili:
Mimi nimezaliwa pwani, na baba yangu alikuwa mvuvi. Namuunga mkono mleta mada, lakini jambo moja linanizuia kulala. Mvuvi na mwendesha boti ya watalii mara nyingi ni ndugu, pengine ni mtu yuleyule: usiku dagaa, asubuhi wageni. Huyo mtamfichaje sehemu kamili wakati bahari anaijua kuliko kinasa? Nipeni kwanza sheria ya boti wakati wa kusi, ndipo tugawane ramani.